Video Isikwame: Vidokezo kwa Mwenye Laptopu Kuukuu

Laptopu ya mtumba ikianza kukatakata video, washauri hujitokeza bila kuitwa. Jirani wa ploti atakwambia uongeze RAM. Fundi wa mtaa wa Olympic atakwambia uweke SSD. Kijana wa duka la muvi atakwambia utupe hiyo mashine, na kwa bahati njema binamu yake anauza nyingine. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, ila hakuna hata mmoja aliyeitazama mashine yenyewe.

Vidokezo hivi ni vya mtu wa Gatwekera, au popote Kibera na Kawangware, aliye na EliteBook, ThinkPad au Latitude iliyofanya kazi kwenye ofisi fulani Uingereza kabla ya kutua Nairobi, na ambaye hana elfu za kuchezea. Kwa jumla nimevipanga kwa gharama: vya bure vinatangulia, vya kufungua mfuko vinafuata. Ukifika katikati video ikawa imenyooka, acha hapo hapo. Hela iliyobaki nunua tokeni za stima.

1. Jua kwanza kinachokwama

Video hukwama kwa namna mbili. Namna ya kwanza: picha inasimama, kaduara kanazunguka, unangoja, kisha inaendelea vizuri tu. Huo ni mtandao. Namna ya pili: sauti inakwenda sawasawa lakini picha inaruka; kipa ameudaka mpira, mara mpira uko katikati ya uwanja na hujui umefikaje. Hapo mashine imelemewa.

Kama huna uhakika, YouTube yenyewe itakwambia. Weka kishale juu ya video, bofya kitufe cha kulia, chagua "Stats for nerds". Kitatokea kisanduku cheusi kilichojaa maandishi ya kutisha. Soma matatu tu. "Buffer Health" ni sekunde za video zilizokwisha kufika na zinasubiri zamu. Zikikaribia sifuri, lawama ni ya mtandao. "Dropped" ni idadi ya picha ambazo mashine imeshindwa kuzionyesha kwa wakati. Ikiwa inapanda kila ukitazama, huku Buffer Health imeshiba sekunde 30, hata ukivutiwa fiber hadi kitandani hutapata nafuu. "Codecs" ni namna video ilivyobanwa: avc1, vp09 au av01. Huo mstari wa mwisho ukariri, maana ndio utakaokuokolea hela nyingi kuliko mingine yote.

2. Soma umri wa prosesa kwenye jina lake

Bofya kulia kwenye "This PC", fungua "Properties", utaona kitu kama i5-3320M. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo huyo ni wa kizazi cha 3. ThinkPad X220, EliteBook 8460p na Latitude E6420 ni kizazi cha 2, mashine za 2011. X230, 8470p na E6430 ni cha 3. X240, EliteBook 840 G1 na Latitude E7440 ni cha 4. Ukishika X260, 840 G3 au E7470, uko kizazi cha 6.

Kwa nini ujali? Ndani ya chipu hizi za Intel kuna king'amuzi kidogo cha video, sehemu iliyoundwa kwa kazi hiyo moja. Kikiijua aina ya faili, video hupita bila prosesa kutoka jasho. Kisipoijua, mzigo wote unaangukia prosesa, feni inaanza kulia na picha zinaanza kudondoka. Kizazi cha 2 hadi cha 4 kinaijua H.264, iliyotoka 2003, ile ambayo YouTube huiandika avc1. H.265 ya kawaida ilipata king'amuzi kamili kizazi cha 6, mwaka 2015. H.265 ya biti 10 pamoja na VP9 ziliingia kizazi cha 7. AV1 ikangoja hadi cha 11, mwaka 2020.

Hizi mpya hazikuletwa kukuudhi. H.265 inaweza kuibana video hadi karibu nusu ya ukubwa wa H.264 na macho yako yasione tofauti, na hapo bando linapona. Ni kama balo la mitumba pale soko la Toi: lililoshindiliwa sana hula nafasi ndogo kwenye lori, lakini ngoja saa ya kulifungua.

Sasa unaona kwa nini simu ya bei ya chini ya juzi inaicheza muvi ileile inayoitoa jasho Core i7 ya 2012. Simu ina king'amuzi kipya. I7 ina nguvu, na nguvu ndiyo inayotumika.

3. Ilazimishe YouTube ikupe avc1

YouTube hupenda kukupa vp09 (VP9) au av01 (AV1) kwa sababu ni nyepesi kwa mtandao wao na wako. Haiulizi mashine yako ina miaka mingapi. Weka Firefox, kisha ongeza nyongeza iitwayo h264ify. Ni ya bure, ni ndogo, na kazi yake ni moja: kuiambia YouTube kwamba mashine hii inaelewa H.264 pekee. Fungua video ileile tena, angalia "Codecs". Ukiona avc1, tazama mstari wa "Dropped" kwa dakika nzima. Kwenye mashine za kizazi cha 2 hadi cha 6, hapa ndipo watu wengi humalizia safari.

H264ify ina kisanduku kingine cha kuzuia video za picha 60 kwa sekunde. Kiwashe kama wewe ni mtu wa kutazama mabao ya wikendi, maana video za michezo ndizo hupakiwa hivyo, na picha 60 ni kazi mara mbili ya picha 30.

Gharama yake ni kwamba avc1 ya YouTube haivuki 1080p, na inakula bando zaidi kidogo. Kwa mwenye Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, kama ile poa! wanayouza mitaa hii, hilo si neno. Kama wewe ni wa bando la simu, soma kidokezo kinachofuata.

4. Usitazame pikseli ambazo skrini yako haina

Laptopu nyingi za mtumba zina skrini ya 1366 kwa 768, yaani pikseli milioni 1 na kidogo. Video ya 1080p ina milioni 2. Ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Ukifungua 4K kwenye skrini hiyo, mashine inahangaika kufungua pikseli milioni 8 halafu inatupa 7. Chagua 720p. Macho hayatajua, bando litajua.

Na hakuna mtu aliyewahi kutazama muvi ya DJ Afro kwa ajili ya ubora wa picha.

5. Duka la muvi: uliza "x264" kabla ya kutoa flashi

Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Unapeleka flashi dukani, kijana anakujazia msimu mzima wa mfululizo, unafika nyumbani, unabofya, picha inatambaa. Unailaumu laptopu. Tazama jina la faili kwanza: x264 ni H.264, na x265 au HEVC ni H.265. Likiwa na x265, HEVC au "10bit", na mashine yako ni ya kizazi cha 4, king'amuzi cha ndani hakiijui kabisa.

Wenye maduka wanazipenda x265 kwa sababu ni ndogo. Diski yao inabeba muvi nyingi zaidi. Huwezi kuwalaumu. Lakini wengi wao wana zote mbili, na swali halilipiwi:

"Boss, hii iko x264?"

"Iko, lakini ni kubwa, itakumalizia flashi."

"Weka hiyo. 720p inatosha."

Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ingekuwa na yake ya kusema kuhusu biashara hii, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Kuna dalili moja inayofanana na hii lakini si hii. Muvi ikiganda dakika ileile kila mara, tuseme ya 40, na kabla ya hapo ilikuwa safi, mashine haina kosa. Ama faili haikunakiliwa ikaisha, ama flashi ni feki: kwa nje imeandikwa GB 64, ndani ina 8, na kila kinachozidi kinaandikwa hewani. Programu ya H2testw, ya bure, huijaza flashi na kuisoma tena, kisha inakupa ukubwa wa kweli. Ifanye kabla hujarudi kugombana dukani. Huenda ukagombana na duka la flashi badala ya duka la muvi.

6. VLC ina swichi ambazo hazibonyezwi

Ukitazama muvi kwa VLC, fungua "Tools", "Preferences", kisha "Input / Codecs". Pale kwenye "Hardware-accelerated decoding" weka "Automatic". Kwa mashine iliyochoka kabisa, zile Core 2 Duo ambazo bado zinapumua, kuna mstari hapo chini unaoruhusu kuruka hatua ya kulainisha picha ya H.264, uweke "All". Picha itapata miraba miraba kidogo kwenye sehemu zenye giza, lakini itatembea.

Kwenye Chrome, ingia mipangilio ya "System" uhakikishe matumizi ya chipu ya picha yamewashwa. Kuna watu huyazima kwa ushauri wa video fulani ya mwaka fulani, wakasahau.

7. Simu yako nayo inakutega

Vijana wa Kibera wamekuwa wakipiga picha za video za mtaa na kuzihariri wenyewe kwa miaka. Kibera News Network ilianza 2010. Siku hizi kamera ni simu, na simu mpya nyingi hurekodi kwa H.265 ili kuokoa nafasi. Ukizihamishia kwenye laptopu kuukuu, hata kuzitazama tu ni taabu, sembuse kuzikata na kuziunganisha.

Zuia tatizo kwenye chanzo. Kwenye iPhone ingia mipangilio ya kamera, "Formats", chagua "Most Compatible". Kwenye Android nyingi kuna swichi ya "High efficiency" ndani ya mipangilio ya video, izime. Kwa zile ulizokwisha kurekodi, tumia HandBrake, programu ya bure, uchague mpangilio ulioandikwa "Fast 720p30", uziache zigeuzwe usiku. Zitachukua saa kadhaa. Kazi hii ifanye kwenye laptopu yenye betri inayoshika, kwa sababu stima ikipotea saa nane usiku, desktopu itaanza upya asubuhi.

8. Ondoa vumbi. Hiki usikiruke.

Mashine inayocheza vizuri dakika kumi za kwanza kisha ikaanza kukwama haina shida ya RAM. Imepata joto. Prosesa za Intel zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na wewe unaona video inarukaruka. Weka Core Temp, programu ya bure, ucheze muvi, utazame namba zinavyopanda.

Mazingira yetu yanachangia. Chumba cha futi kumi kwa kumi chini ya mabati saa nane mchana ni joto tupu kabla hujawasha chochote. Njia za vumbi ziko mlangoni. Jiko la makaa liko pembeni, na moshi wake una mafuta mafuta yanayoligandisha vumbi lisipeperuke. Laptopu imelazwa juu ya godoro, matundu ya chini yamezibwa na blanketi.

Ukiifungua utaona feni, na mbele ya feni kuna vibati vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa karibu karibu. Kati ya feni na vibati hivyo ndipo adui anapokaa: utando wa kijivu, mnene, wenye nywele, unaoziba njia yote ya hewa. Ukiupuliza tu kwa nje hautoki. Unasukumwa ndani zaidi. Lazima feni ifunguliwe, utando ushikwe kwa kibano, na mara nyingi hutoka mzima, kipande kimoja. Vibati visafishwe kwa brashi laini. Ukitumia kipulizio, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana feni inayozungushwa na upepo kwa kasi kubwa inaweza kuharibika beringi.

Kisha dawa ya joto, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na bomba la shaba. Ya zamani itakuwa imekauka na kupasuka. Ifute kwa spiriti hadi sehemu ing'ae, weka tone dogo katikati ya chipu, rudisha bomba, kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo. Kama mikono yako inatetemeka mpe fundi, lakini kaa hapo hapo umtazame. Kazi hii bei yake iko kwenye mia, si kwenye elfu, na hakuna kitu cha bei hiyo kitakachokupa mabadiliko kama haya. Ubao wa kuwekea laptopu, au hata vizibo vinne vya chupa chini ya pembe zake, ni bure kabisa.

9. Chaja

Laptopu za Dell huongea na chaja kupitia ile pini nyembamba ya katikati. Ikiwa chaja ni feki au pini imekatika, mashine inakosa kujua chaja ina wati ngapi, inatoa onyo unapoiwasha, na inajipunguzia kasi. Watu hubonyeza kitufe cha kuendelea kila siku bila kulisoma hilo onyo. Azima chaja halisi ya jirani jioni moja ujaribu. Na hakikisha alama ya betri kule chini ya skrini haijawekwa kwenye kuokoa nguvu.

10. Windows iliyozeeka, na mlango wa pili

Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023. Toleo la mwisho ni la 109. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo EliteBook yako ya 2013 haikualikwa. Kuna mafundi wanaoilazimisha iingie. Inaingia, na inakula RAM yote iliyokuwa ibebe video.

Jaribu Linux Mint, toleo la Xfce. Ni bure. Iandike kwenye flashi, iwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo, utazame video bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Usipoipenda, chomoa, urudi kwako. Tangu Firefox 115 ya 2023, kivinjari hicho kinatumia king'amuzi cha chipu za Intel kwenye Linux bila kubembelezwa. Kwa mashine za kizazi cha 2 hadi cha 4 hakikisha kifurushi kiitwacho i965-va-driver kimewekwa, la sivyo prosesa itaendelea kubeba peke yake. Ukikwama, Kibera haina upungufu wa watu wanaojua mambo haya. Tunapanda Institute wamekuwa wakifundisha vijana teknolojia hapa hapa na kujenga mtandao wa jamii, TunapandaNET.

11. RAM: ndiyo, lakini nunua ukijua unanunua nini

Mashine ya GB 4 yenye Chrome na kurasa kumi zilizofunguliwa itakwama hata kwa video nyepesi, kwa sababu inakopa nafasi kwenye diski. GB 8 zinatosha kutazama. GB 16 ni za kujivunia tu kama huhariri.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inatumia RAM hiyo hiyo. Vipande viwili vya GB 4 huipa njia mbili za kupita, kipande kimoja cha GB 8 kinaipa moja. Basi kama mashine ina nafasi mbili, jaza zote. Fungua "Task Manager", "Performance", "Memory". Utaona "Slots used". ThinkPad X240 ina nafasi moja tu, usisumbuke kuitafuta ya pili.

Kisha aina. DDR3 na DDR3L zina umbo moja na zinaingia tundu moja, lakini ya kwanza inataka volti 1.5 na ya pili inaridhika na 1.35. Laptopu za kizazi cha 4 zinataka DDR3L. Ukiwekewa DDR3 ya kawaida, mashine huenda isiwake kabisa. Kwenye kibandiko cha kipande, PC3L ndiyo yenye L. Nenda na kipande chako cha zamani mfukoni ukilinganishe pale pale kaunta.

12. SSD: nunua, ila si kwa sababu ya video

Nitawaudhi mafundi hapa. Muvi ya saa mbili yenye GB 2 inahitaji kusomwa chini ya MB 0.3 kwa sekunde. Hata diski chakavu ya mizunguko 5400 husoma makumi ya MB kwa sekunde. Diski nzima haina uwezo wa kukukwamisha video kwa kasi yake.

SSD itafanya mashine iwake upesi na programu zifunguke bila uvivu, na kama RAM yako ni ndogo itapunguza maumivu. Kwa maisha ya kila siku ni hela iliyotumika vizuri. Ila ukiiweka ukitarajia x265 icheze kwenye kizazi cha 3, utarudi dukani na hasira. Ukinunua iliyotumika, fungua CrystalDiskInfo mbele ya muuzaji usome asilimia ya afya.

13. Wenye desktopu: si kila kadi ya picha ni msaada

Saiba na maofisi madogo mengi yana OptiPlex 790, 7010 au 9020, au HP Compaq 8200 na 8300. Hizi zina nafasi ya kadi ya picha, na hapo ndipo utaletewa GT 710 ukiambiwa ni dawa. Kadi hiyo inaijua H.264, ambayo mashine yako tayari inaijua. H.265 haiijui. Umelipia feni ya pili.

GT 1030, ya 2017, inazijua H.265 na VP9, inakula wati 30 tu, na haihitaji waya wa ziada wa stima. Hakikisha ni ile fupi, yenye kibati kifupi, la sivyo kasha jembamba halitafungika. AV1 haiijui, kwa hiyo h264ify ibaki palepale.

14. Kabla hujalipa chochote, tazama nyuma ya TV

Kama shida yako yote ni muvi za jioni na una TV ya dijitali yenye tundu la USB, chomeka flashi huko. TV nyingi za miaka ya karibuni zinaijua H.264, na nyingi zinaijua H.265 pia. Laptopu ibaki na kazi za masomo ya watoto na za ofisi.

15. Ukiamua kubadilisha mashine, nenda Luthuli na flashi yako

Kuna mahali ambapo kubadilisha ni rahisi kuliko kuongeza. Mwenye kizazi cha 2 anayehitaji RAM, SSD, betri na chaja, akijumlisha, atakuta amekaribia bei ya kizazi cha 6 au cha 7 iliyotumika. Ukifika hapo, uza ya zamani na uongezee. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, lenga kizazi cha 7, kama ThinkPad X270 au 840 G4 zenye prosesa ambayo namba yake baada ya kistari inaanza na 7. Soma namba kwenye skrini, usisome kibandiko. X270 nyingine zina prosesa ya kizazi cha 6.

Andaa flashi yenye faili tatu fupi: x264 ya 1080p, x265 ya kawaida, na x265 ya "10bit". Ukiwa Luthuli Avenue au Moi Avenue, iwashe mashine ikiwa haijachomekwa kwenye stima, ili betri nayo ijieleze. Cheza zote tatu, moja baada ya nyingine, huku "Task Manager" ikiwa wazi pembeni. Prosesa ikikaa chini ya robo kwa zote tatu, king'amuzi kinafanya kazi. Ikipanda hadi juu kwenye ya tatu, mashine hiyo ni ya kizazi cha 6 kushuka, hata mwenye duka akiapa nini. Lipa kwa M-Pesa kwenye till ya duka, chukua risiti yenye namba ya mashine na muda wa garantii, na uandikiwe kama garantii inahusu betri. Muuzaji akikataa kukuruhusu uchomeke flashi, ingia duka linalofuata. Liko mlango wa pili.